Eyam, kijiji kilichojifungia na tauni

Eyam iko kwenye vilima vya Derbyshire, kusini-magharibi mwa Sheffield. Ukiuliza njia, sema "Im", maana ndivyo wenyeji wanavyokiita kijiji chao. Vaa viatu imara, kwa kuwa mambo makubwa zaidi ya kuona yako nje kidogo ya kijiji.

Anzia kwenye nyumba za mawe zilizo jirani na kanisa la Mtakatifu Lawrence. Vibao vyake vinataja waliofia humo. Mwaka 1665 mshona nguo wa hapo aliletewa kitambaa kutoka London, ambako tauni ilikuwa ikiua maelfu. Inasimuliwa kwamba kitambaa kilikuwa na unyevu, msaidizi wake George Viccars akakianika karibu na moto, na viroboto waliobeba ugonjwa wakatoka. Viccars alizikwa Septemba 7. Nyumba hizo bado zina wenyewe, hivyo soma vibao ukiwa barabarani na usichungulie madirishani.

Kwenye uwanja wa kanisa tazama msalaba wa mawe wa karne ya 8, kisha kaburi la Catherine Mompesson, mke wa kasisi. Juni 1666 mumewe, William Mompesson, alimwendea Thomas Stanley, kasisi aliyemtangulia, ambaye aliondolewa kwa msimamo wake wa dini lakini bado alisikilizwa na wanakijiji wengi. Kwa sauti moja waliwaomba watu wasitoke kijijini, kila familia izike wafu wake yenyewe, na ibada ihamie nje, bondeni Cucklet Delf. Watu wakakubali. Catherine alifariki Agosti mwaka huohuo.

Kama una muda wa kwenda mahali pamoja tu, nenda kwenye Jiwe la Mpaka, katika njia ya miguu iendayo Stoney Middleton. Ni jiwe kubwa lililolala kondeni, lina vishimo juu yake. Wanakijiji waliweka humo sarafu ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa, na majirani wakaacha chakula na kuondoka. Pitisha kidole kwenye kingo za vishimo, utaona zilivyolainika kwa kuguswa. Hapo ndipo utakapoelewa kwamba karantini ile iliwezekana pia kwa sababu majirani hawakuwatupa.

Upande wa mashariki, kwenye mteremko, kuna makaburi ya Riley yaliyozungushiwa ukuta. Elizabeth Hancock alimzika hapo mumewe na watoto wake sita ndani ya siku nane, Agosti 1666. Tembea polepole, usikae juu ya mawe.

Tauni ilikoma Novemba 1666. Kwa hesabu iliyozoeleka, ilikuwa imeua watu 260. Makumbusho ya kijiji yanaeleza habari hizi vizuri, ila ulizia siku yanapofunguliwa kabla hujafunga safari. Ukiweza, nenda Jumapili ya mwisho ya Agosti, ambapo kila mwaka hufanyika ibada ya kuwakumbuka waliokufa.