Sheli Iliyokataa Kukaa

Nina kisa chenye funzo kwa yeyote anayeingia chumba cha tarakilishi.

Kwanza, sheli ni nini? Ni programu inayopokea amri unazochapa na kuzitekeleza. Ile tunayoitumia sisi huitwa Bash. Iliandikwa na Brian Fox, ikatolewa mwaka wa 1989. Dirisha la amri linapofunguka, Bash husoma kwanza faili la maagizo liitwalo .bashrc, kabla hujachapa hata herufi moja.

Basi siku moja niliongeza salamu katika faili hilo ili nikaribishwe kwa jina. Chini yake nikaandika exit, nikidhani kila maagizo lazima yafungwe hivyo. Lo! Dirisha likawa likifunguka, linafungika papo hapo. Sheli ilisoma exit, ikatii, ikaenda zake! Nami nilikuwa na mradi wa kuendesha kwa amri, na zilibaki siku mbili tu niuwasilishe. Usiku huo usingizi sikuuona.

Asubuhi nilimwendea mwalimu, kichwa chini. Hakunikaripia. Alibonyeza Alt na F2, akachapa:

xterm -e bash --norc

Dirisha likafunguka, likatulia tuli! Hilo --norc ni chaguo la kuanzia: huiambia Bash isisome .bashrc. Tukafungua faili, tukafuta lile neno exit, mambo yakawa sawa.

Yako machaguo mengine yanayofaa kukumbukwa:

1. bash -x huonyesha kila amri kabla ya kuitekeleza. Ukitafuta kosa, anzia hapo.

2. bash -c 'date' hutekeleza amri hiyo moja, kisha sheli hufunga.

3. bash --rcfile jaribio husoma faili uliloliita jaribio badala ya .bashrc.

Hili la tatu ndilo ningelijua mapema! Maagizo mapya yaandike kwanza katika faili la jaribio, uyaendeshe ndani ya sheli iliyo wazi. Yakiharibika, sheli ile ndogo ndiyo itakayofunga, nawe utajikuta umerudi katika ile ya kwanza, salama salimini.

Ndugu zangu, tahadhari kabla ya hatari. Usiiguse .bashrc kabla ya kujaribu pembeni. Mimi nimejua, lakini nimejua kwa jasho.