Mawe Yaliyokuwa Watu

Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa riwaya iitwayo The Castle of Otranto. Hapo ndipo ilipoanzia fasihi ya Gothiki, yaani ya majengo ya kale, mizimu na miko inayovunjwa. Wengi wetu husema hayo ni mambo ya Ulaya. Hata!

Sisi wa Longech tukivuka ghuba, tukapita Kalokol kuelekea Lodwar, twaziona nguzo za mawe za Namoratunga. Wazee husimulia kwamba wale walikuwa watu wakicheza ngoma. Pepo akatokea, wakamcheka. Papo hapo wakageuka mawe. Mahali pa kale papo, mwiko upo, adhabu ipo. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze (1952), ana mji ambao watu wake wamegeuka mawe.

Muziki nao je? Mwaka 1874 Mfaransa Camille Saint-Saëns alitunga Danse macabre: Kifo chapiga fidla usiku wa manane, mifupa yacheza mpaka jogoo awike. Kule wafu huamka wakacheza. Kwetu wachezaji walinyamazishwa.

Kwa nini kutisha? Wataalamu wa mambo ya kale wanasema nguzo zetu zina miaka 5,000 hivi. Mtoto anayeogopa kucheka pale hawezi kuzing'oa. Hadithi hiyo ni ua. Tukiisahau, yatabaki mawe tu, na mawe matupu watu huyabeba kujengea. Basi waulizeni babu na nyanya, muandike.