SHEKI YA MUSAFIRI KU MELI: SAHIHI MBILI NA ORODHA MOJA

(Somo la mambo ya feza, limetayarishwa na kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita)



Katika somo la biashara tunakutana na neno «sheki ya musafiri». Tunaliandika mu kaye, tunalikariri kwa ekzamen, kisha linapotea. Leo nataka tulifahamu vizuri. Tutachukua mufano wa watu waliolitumia sana, ni kusema wasafiri wa meli kubwa za matembezi ku bahari ya Mediterania. Mwisho tutaona kama linatuhusu sisi wenyewe.

1. SHIDA YA MUSAFIRI

Mutu anayekwenda matembezi ya meli analipa tikiti mbele ya kuondoka. Mu ile bei kitanda na chakula vimekwisha kuhesabiwa. Lakini matumizi mengine yanabaki: vinywaji, kufuliwa nguo, zawadi ya watumishi, na kutembea ku inchi kavu kila mahali meli inapotia nanga. Hizi njo feza za mufuko. Hazifiki bei ya tikiti, lakini zinamusumbua kuipita, sababu ni lazima atembee nazo.

Tuseme meli ilitoka Marseille mwaka 1985, ikapita Barcelona, Napoli na Piraeus, ikafika Istanbul. Wakati ule Ufaransa walilipa na franka, Hispania peseta, Italia lira, Ugiriki drakma, Uturuki lira yao wenyewe. Bandari tano, feza namna tano. Kubeba zote tangu nyumbani ni kazi ngumu. Kubeba dola taslimu peke yake ni hatari: mwizi mumoja ku soko moja anaweza kumaliza safari nzima. Noti haina jina. Mwenye kuishika njo mwenyewe.

2. NAMNA ILIVYOZALIWA

Zamani matajiri walisafiri na barua ya banki. Banki ya kwao iliandikia banki zingine ya kama huyu mutu alipwe. Mwaka 1890 J. C. Fargo, mukubwa wa kampuni American Express ya Marekani, alikwenda Ulaya na barua ya namna ile. Mbali na miji mikubwa haikumusaidia sana. Aliporudi alimuagiza mutumishi wake, Marcellus Berry, atafute njia ingine. Mwaka 1891 kampuni ikaanza kuuza sheki za musafiri. Hazikuwa za kwanza katika dunia, maana kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza ilikuwa na karatasi za kazi kama ile mbele yake. Lakini njia ya Berry ilikuwa nyepesi, na ilisimama juu ya sahihi mbili.

Mwaka 1914 vita ilipoanguka katika Ulaya, wasafiri wengi walikwama na barua zao, sababu banki nyingi ziliacha kuzilipa. American Express iliendelea kulipa sheki zake. Tangu pale watu waliziamini zaidi.

3. SAHIHI MBILI

Hapa njo moyo wa somo. Sahihi ya kwanza inatiwa siku ya kununua, mbele ya muuzaji. Sahihi ya pili inatiwa siku ya kulipa, mbele ya macho ya mwenye kupokea. Huyu anatazama kama zinafanana, na anaweza kuomba pasiporti.

Kati ya sahihi mbili sheki inalala. Mwizi akiikamata, anashika karatasi ambayo inamungojea mutu mwingine. Lakini musafiri akitia sahihi zote mbili ku chumba chake cha meli, eti apate kufanya haraka ku duka, ameigeuza kuwa noti. Akiacha nafasi zote mbili wazi ni vibaya zaidi: mwizi atajaza zote kwa mukono wake mwenyewe, na zitafanana kabisa!

4. ORODHA MOJA

Kila sheki ina namba yake. Musafiri mwenye akili aliandika namba zote ku karatasi, na ile karatasi aliitenga na sheki. Kama sheki ziko mu sanduku la chuma la mushika-feza wa meli, orodha iko mu valizi. Kila sheki iliyotumika aliikata ku orodha. Zikipotea, aliijulisha kampuni: namba fulani zimetumika, namba fulani zimeibiwa. Kampuni ilifunga zile zilizoibiwa na kumupa zingine. Bila orodha, kumusaidia kulikuwa kazi ndefu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

5. TUHESABU

Musafiri wetu ananunua sheki 10 za dola 50 na sheki 5 za dola 20. Jumla ni dola 600. Muuzaji anaomba dola 1 kwa kila 100. Basi analipa dola 606.

Ku Napoli anahitaji lira za dola 35. Tuseme banki inakata dola 1 kwa kila sheki, na lira zitakazobaki zikibadilishwa kuwa drakma, atapoteza 10 kwa 100.

– Akivunja sheki ya 100: zinabaki dola 65, anapoteza 6,50. Ongeza 1. Hasara 7,50.
– Akivunja sheki ya 50: zinabaki 15, anapoteza 1,50. Ongeza 1. Hasara 2,50.
– Akivunja sheki mbili za 20: zinabaki 5, anapoteza 0,50. Ongeza 2. Hasara 2,50.

Kumbe sheki kubwa inakula feza, lakini kukata vipande vidogo sana nako hakuleti faida. Mutu ahesabu matumizi ya kila bandari mbele ya kununua, asingoje kufika pale.

6. UBAYA WAKE

Tusisifu tu. Sheki haikuwa ya bure. Ku meli mushika-feza aliweza kuivunja, lakini mara nyingi kwa bei isiyoshinda ile ya banki ya mujini. Siku banki imefungwa, musafiri alizunguka bure, na duka ndogo zilikataa. Tena tufahamu faida ya kampuni: ilipokea feza leo, ikazilipa kisha wiki au miezi. Katikati ilizifanyisha kazi, na musafiri hakupata riba hata kidogo. Sheki iliyosahauliwa mu sanduku kwa miaka ilikuwa mukopo wa bure kwa kampuni.

7. SIKU HIZI

Tarehe 1 mwezi wa kwanza 2002 noti za euro zilianza kutumika. Franka ya Ufaransa, peseta, lira ya Italia na drakma zikaisha. Halafu karta za banki na mashini za kutoa feza zilienea pote. Ku meli kubwa za leo musafiri anapewa karta moja: inafungua mulango wa chumba na kuandika deni zake, naye analipa mwisho wa safari. Sheki za musafiri zimekaribia kutoweka. American Express iliacha kuziuza, lakini za zamani ambazo hazijatumika hazina tarehe ya kuisha.

8. SISI JE?

Mutu atasema: kapita, sisi tunapanda lori na mashua, bahari ya Mediterania inatuhusu nini? Inatuhusu. Kila mwanzo wa muhula tunabeba feza za masomo ambazo wazazi wamezitoka jasho. Karatasi imekufa, lakini sheria zake mbili ziko hai.

Ya kwanza. Namba ya siri ya M-Pesa au ya Airtel Money ni sahihi yako ya pili. Ukimupa rafiki telefone na namba ya siri aende akutolee feza, umetia sahihi zote mbili nyumbani. Hata kama rafiki ni mwaminifu, yule aliyesimama nyuma yake humujui. Uende mwenyewe, ujaze namba wewe mwenyewe.

Ya pili. Usiweke vyote mahali pamoja. Feza taslimu uzigawe sehemu mbili, na hesabu yake ikae ku karatasi mbali na feza. Ukifika, upite kwanza kwa ekonome, upokee karatasi yako, kisha njo uende kununua mukate. Mwenye kupoteza feza ku njia harudi nyumbani peke yake: anarudi na mwaka wake wa masomo.

MASWALI

1. Musafiri ananunua sheki za dola 750 kwa 1 kwa 100. Analipa ngapi?
2. Ku Barcelona anahitaji dola 48. Kwa bei za sehemu ya 5, achague sheki ya 50 moja ao za 20 tatu? Onyesha hesabu.
3. Kwa nini sahihi ya pili haitiwi mbele ya wakati? Jibu kwa mistari mitatu.

Majibu niletewe Ijumaa ku etude ya jioni. Walimu pia wanakaribishwa kujibu.