Faida ipo kwenye daftari, pesa iko wapi?



Tunapotembelea vikundi vya miradi tunakutana na swali hili: kama biashara inapata faida, kwa nini inakosa pesa ya kununua chakula cha kuku?

Tuanze na jirani yetu mkubwa, mgodi wa Bulyanhulu. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na mgodi huo wakati ule, ikabaki na mzigo wenye dhahabu ndani yake ambao haikuweza kuuuza, huku mishahara na umeme vikihitaji kulipwa. Mwishoni mwa 2016 ilikuwa na pesa taslimu dola milioni 318. Mwaka mmoja baadaye zilibaki milioni 81. Septemba 2017 ilitangaza kupunguza shughuli za Bulyanhulu. (Mgogoro wa kodi una mjadala wake, hapa tunaangalia pesa tu.)

Sasa tuje kwenye banda. Tuchukue mfano wa kikundi chenye mtaji wa shilingi 1,200,000. Kinafuga kuku wa nyama 200, gharama yote ni 6,000 kwa kuku, na baada ya wiki 6 kinawauza kwa 8,000 kila mmoja. Faida ni 400,000. Lakini mnunuzi ni mzabuni wa chakula, naye analipa baada ya wiki 4. Amewapenda, anataka kuku 400 awamu ijayo. Wanakikundi wanashangilia! Wanahitaji 2,400,000 leo, na mkononi hawana kitu. Hata deni likilipwa wiki ya 10, zitaingia 1,600,000. Bado zinapungua 800,000. Oda kubwa ndiyo iliyowabana.

Kwa hiyo kabla ya kukubali oda, katibu aandike tarehe ambayo pesa itaingia na tarehe ambayo itatoka, wiki kwa wiki. Waombe malipo ya awali, au waongeze kuku 50 tu kwanza. Na faida ya awamu ya kwanza isigawanywe.

Kwa wafadhili tuna ombi. Maandiko mengi ya miradi, yetu yakiwemo, huomba banda, vyombo na mafunzo. Banda huonekana vizuri kwenye picha, chakula cha kuku hakionekani. Katika bajeti zijazo tutaweka mstari wa mtaji wa kuendeshea wa awamu mbili kamili, na tunaomba msiufute.