Rangi ya Nyama ya Samaki Trauti

Trauti alitiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua, mwaka 1905, mayai yake yakiwa yameletwa kutoka Skotlandi. Hata leo huwashangaza wapishi: samaki wawili wa mto mmoja wakipasuliwa, mmoja huwa na nyama nyekundu, mwingine nyeupe, na huyu wa pili wengine humtupa wakidhani ni mgonjwa. Hasara ya bure! Trauti hawezi kujifanyia rangi hiyo mwilini; huipata kwa kula vijidudu vya majini vya jamii ya kamba. Asiyevipata hubaki mweupe, na utamu wake ni ule ule. Wafugaji huitia rangi hiyo katika chakula cha samaki.

Lakini jike akaribiapo kutaga, rangi na mafuta huhamia katika mayai, nyama ikawa majimaji, haina ladha. Huyo ndiye wa kuepukwa.