Maji ya Moto na Kifafa Sugu

Tuseme jirani yako wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ana mtoto anayeanguka kifafa. Dawa anakunywa, lakini bado anaanguka. Shoga yake anamshauri: "Mwogeshe maji ya moto, mwili utulie." Wewe msomi, ukiulizwa, utajibu nini?

Kwanza, kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa ipasavyo zinaposhindwa kukizuia. Aina mojawapo ni ugonjwa wa Dravet, alioueleza daktari Charlotte Dravet wa Ufaransa mwaka 1978. Mwaka 2001 watafiti waligundua kwamba chanzo chake kikubwa ni hitilafu kwenye jeni iitwayo SCN1A.

Jeni hiyo ndiyo inayoelekeza utengenezaji wa vijilango vya kupitishia sodiamu kwenye seli za neva. Vikipungua, seli zinazotuliza ubongo ndizo zinazoumia zaidi. Ni kama daladala lenye breki mbovu, na joto la mwili likipanda ni sawa na kuteremka mlima. Ndiyo maana mtoto wa Dravet huanguka akiwa na homa, na wengine hata wakiogeshwa maji ya moto. Kwake hayo si tiba, ni kichocheo. Aoge maji ya vuguvugu, haraka, wala asiachwe peke yake: hata kwenye beseni anaweza kuzama.

Pili, dawa. Kabamazepini inawafaa wagonjwa wengi, lakini huziba vijilango hivyohivyo, hivyo mtoto wa Dravet inaweza kumzidishia. Mzazi asiikatishe mwenyewe, maana kuacha dawa ghafla nako ni hatari. Aandike kwenye daftari: tarehe, dakika ngapi, kulikuwa na homa, alikuwa anaoga? Kisha alipeleke kwa daktari. Muhimbili iko Upanga tu hapo.

Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Zikipita dakika 5, hospitali.

Na mwambie jirani jambo moja zaidi. Kwa watoto wengi wa Dravet, hitilafu hii huzuka upya kwa mtoto mwenyewe, hairithiwi. Kwa hiyo wakwe wanaomnyooshea mama kidole wanamwonea bure.