PUMU YA WATOTO: DAWA YA KUZUIA SI DAWA YA KUFUNGUA



Mama mmoja alinijia akilia. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa ameshikwa na pumu usiku. Pale nyumbani kulikuwa na mashine ya nebulaiza, ile inayogeuza dawa kuwa mvuke, pamoja na vichupa vya dawa iitwayo budesonaidi. Alimvutisha mtoto kichupa kimoja, akangoja. Hakuna nafuu. Akamvutisha cha pili. Hakuna. Kufika alfajiri midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Tunashukuru Mungu walimfikisha hospitalini akiwa hai.

"Mwalimu," akaniambia, "mtoto alikuwa amepona, nikaona ile dawa niiweke akiba ya siku ya shida. Mbona imenitupa?"

Dawa haikumtupa. Kazi yake ni nyingine.

MAGONJWA MAWILI NDANI YA MOJA

Katika pumu, njia za hewa huharibika kwa namna mbili. Kwanza, ngozi yake ya ndani huvimba na kutoa makohozi. Uvimbe huu unaweza kuwapo hata siku ambayo mtoto anacheza vizuri. Pili, misuli inayozunguka njia hizo hukaza ghafla, na hapo ndipo kifua hulia kama filimbi. Kwa hiyo dawa nazo ni mbili.

1. Dawa ya kufungua, kwa mfano salbutamoli. Hulegeza misuli kwa dakika chache tu. Nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Hii ndiyo ya siku ya shida.

2. Dawa ya kuzuia, kwa mfano budesonaidi, ambayo ni ya jamii ya stiroidi. Huondoa uvimbe polepole. Nafuu huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, na nguvu yake kamili huweza kuchukua wiki 4 hadi 6. Hii hutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata kama mtoto hakohoi.

Ni kama paa linalovuja. Paa huzibwa wakati wa kiangazi. Mvua ikishaingia usiku, unatafuta ndoo.

MASWALI YA WAZAZI

Je, stiroidi haitamdhuru mtoto? Hii si ile ya wanaotunisha misuli. Kiasi kinachotumika ni kidogo na huenda moja kwa moja mapafuni. Inaweza kuleta utando mweupe mdomoni, kwa hiyo baada ya dawa asukutue au apewe maji, na umpanguse uso. Watoto wengine hupungukiwa kimo kidogo, kama sentimita 1. Lakini pumu isiyotibiwa nayo hudumaza, tena huua. Daktari hupima na kupunguza dozi. Usiiache mwenyewe.

Je, atazoea asiweze kuishi bila hiyo? Hapana. Dawa hii haileti uraibu.

JINSI YA KUTUMIA MASHINE

Nawa mikono. Mtoto akae wima. Tikisa kichupa polepole. Maski ishike uso vizuri. Ukiishika mbali kidogo tu, dawa huishia hewani. Mtoto anayelia hapati dawa ya kutosha, basi mbembeleze kwanza. Tumia mashine ya kupuliza hewa. Ile ya mawimbi ya sauti haifai kwa budesonaidi. Ukimaliza, osha vifaa na uvikaushe.

Na asiye na mashine wala stima? Asikate tamaa. Inhela yenye dawa hiyo hiyo ya kuzuia, ikipitishwa katika chombo kiitwacho spesa, inatosha kwa watoto wengi. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri pale inhela inapoingia, ilipitisha dawa ya kufungua sawasawa na spesa ya kununua. Mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kuitengeneza.

KIMBIA HOSPITALINI UKIONA HAYA

Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Hawezi kuongea, kunywa au kunyonya. Midomo au ulimi unageuka rangi. Amelegea au ana usingizi usio wa kawaida. Mpe dawa ya kufungua mkiwa njiani, wala msingoje kupambazuke.

Yule mama sasa ameandika kwa kalamu juu ya maboksi: KILA SIKU, na SHIDA. Hata nyanya wa mtoto anajua lipi ni lipi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nyumbani kwako, nani mwingine anajua dawa ya mtoto?
2. Moshi wa kuni na sigara huchochea pumu. Tufanye nini jikoni kwetu?
3. Usiku mtoto akizidiwa, ni jirani gani mwenye gari au pikipiki?